Ufundi Nyumbani: Rangi ya Gari ni Ngozi Yake

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kusafisha na kutia mafuta mnyororo wa baiskeli. Mwezi huu tutazungumza juu ya rangi ya gari. Tutajifunza kuiosha, kuing'arisha na kuipaka nta. Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani, kwa mikono yako mwenyewe.

Labda utasema, "Mimi sina gari. Habari hizi zanihusu nini?" Ngoja kidogo. Siku hizi vijijini vyombo vya moto vimekuwa vingi. Wako vijana wenye pikipiki. Viko vikundi vyenye pikapu. Huenda mwanao ni dereva wa gari la mtu. Tena huenda gari ni la chama chenu, na wewe ni mwanachama. Gari la chama si mali ya dereva wala ya mwenyekiti. Ni mali yako. Kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Gari lililouzwa kwa hasara

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Kikundi kimoja cha wakulima kilinunua pikapu nyeupe. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima. Wanachama walichangishana misimu mitatu ili kuipata. Pikapu ilibeba mahindi, mbolea na magunia ya chumvi. Usiku ilibeba wagonjwa. Injini waliitunza vizuri sana. Mafuta walibadilisha kwa wakati. Lakini bodi hawakuiosha, ila siku za sherehe. Walisema, "Gari la kazi si bibi harusi."

Baada ya miaka michache walitaka kuliuza. Walikusudia kutumia fedha hizo kununua mashine ya kukoboa. Mnunuzi akaja. Hakuwasha injini kwanza. Alizunguka gari polepole. Alibonyeza kwa kidole gumba chini ya milango. Rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge la moto. Kidole kikaingia ndani! Akainua turubai pale nyuma. Pembeni, palipokuwa pakikaa magunia ya mbolea, sakafu ilikuwa na matundu. Aliyahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na wanachama wamesimama wanasikiliza.

Gari liliuzwa kwa bei ya chini. Mashine ya kukoboa haikununuliwa mwaka ule. Akina mama waliendelea kubeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Injini ilikuwa nzima, lakini ngozi ya gari ilikuwa imeoza.

Kazi ya rangi

Watu wengi hudhani rangi ni urembo. Sivyo. Bodi ya gari ni bati la chuma. Chuma kikikutana na maji na hewa, hufanya kutu. Chumvi na mbolea huharakisha kutu. Ndiyo maana wenzetu wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa, wanaopata upepo wa bahari, wana kazi kubwa zaidi. Rangi huzuia maji na hewa visiguse chuma. Basi rangi ni kama ngozi yako. Ngozi ikichubuka, uchafu huingia na kidonda huanza.

Rangi ya gari ina matabaka. Tabaka ni kitu kilicholazwa juu ya kingine, kama mikeka miwili iliyotandikwa pamoja. Tabaka la chini ni praima. Hii hushika chuma na kukikinga. Juu yake ni rangi yenyewe, iwe nyekundu, buluu au nyeupe. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana tabaka jingine juu kabisa. Hilo halina rangi. Ni angavu kama kioo. Kazi yake ni kukinga rangi na kuleta mng'ao.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Matabaka yote haya pamoja, unene wake ni kama karatasi moja tu ya daftari. Karatasi kumi ndizo zinafanya kama milimita moja. Chukua daftari lako, ushike ukurasa mmoja kati ya vidole viwili. Ngao ya gari lako ni nyembamba hivyo. Ndiyo sababu tunasema ioshwe kwa upole.

Maadui wa rangi

Maadui wa rangi ni hawa:

Jua. Jua kali huchosha rangi. Rangi nyekundu hugeuka kuwa kama ya waridi. Ukipitisha kidole, unapata unga kama wa chaki.

Vumbi. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko rangi. Ukisugua vumbi kavu juu ya gari, unapiga msasa bila kujua.

Kinyesi cha ndege. Kina asidi, yaani ukali kama wa ndimu. Kikikaa juani hula rangi na kuacha alama isiyotoka. Ukikiona, kiloweshe kwa maji na ukiondoe siku hiyo hiyo. Usikikwangue.

Utomvu wa miti, wadudu waliogongwa njiani, na lami. Vyote hivi huganda, na kila siku inayopita huwa vigumu zaidi kutoka.

Tope. Tope linalokaa chini ya madigadi na chini ya milango hutunza unyevu. Gari laonekana kavu, lakini huko ndani lingali na maji. Kutu huanzia huko, mahali ambapo macho hayafiki.

Vitu vya kuandaa

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

1. Ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, moja ya maji matupu.
2. Sabuni ya kuoshea magari.
3. Sponji laini, au kitambaa laini cha pamba.
4. Vitambaa vitatu au vinne safi vya kukaushia na kung'arishia. Fulana kuukuu ya pamba yafaa. Kata vifungo na pindo zote. Kifungo kimoja chatosha kuharibu mlango mzima.
5. Kopo la nta ya magari.
6. Polishi ya magari, kama rangi imefifia.

Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali. Huondoa mafuta ya nguo, na vilevile huondoa nta ya gari. Kama sabuni ya magari haipatikani, ni heri kutumia maji matupu mengi kuliko sabuni kali.

Chagua mahali

Usioshe gari mtoni. Najua ni desturi ya wengi. Gari huingizwa mtoni mpaka maji yafike kwenye matairi, na vijana huosha huku wakiimba. Lakini tazama yanakokwenda maji yale. Yana oili, grisi na sabuni. Chini kidogo kuna mtoto na ndoo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Meta 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Chota maji, uende nayo mbali na mto. Gari dogo laweza kuoshwa kwa ndoo nne au tano.

Chagua kivuli. Lakini usikae chini ya mwembe wenye ndege au mti unaodondosha utomvu. Saa nzuri ni asubuhi mapema au jioni. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, ngoja lipoe. Bati likiwa la moto, sabuni hukauka upesi na kuacha madoa, na polishi hugandia.

Hatua ya kwanza: kuosha

Nianze kwa kukiri kosa langu. Zamani kaka yangu aliniachia gari lake jeusi nilitunze wiki moja. Nilitaka kumfurahisha. Kila asubuhi nilichukua kipande cha khanga kikavu, nikafuta vumbi kwa nguvu. Gari liling'aa. Siku aliporudi, jua lilipiga juu ya boneti. Tukaona mistari myembamba mingi, imezunguka kama utando wa buibui. Kaka alinyamaza. Mimi ndiye niliyeichora ile mistari, kwa khanga na vumbi. Tangu hapo sijafuta gari kavu tena.

Basi fanya hivi:

Kwanza, mwagia gari maji matupu, toka juu hadi chini. Lengo ni kuangusha vumbi na mchanga kabla hujagusa rangi. Mwagia mara mbili. Usiwe na haraka hapa. Hii ndiyo hatua inayookoa rangi.

Pili, mwagia maji chini ya madigadi na chini ya milango mpaka tope lote litoke. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, maji hukaa ndani ya mlango na kuuozesha. Vizibue kwa kijiti, siyo kwa msumari.

Tatu, chovya sponji katika ndoo ya sabuni. Anza na paa. Halafu vioo, boneti na milango. Maliza na sehemu za chini, kwa sababu huko ndiko kwenye mchanga mwingi. Osha sehemu moja, kisha suuza sponji katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Tazama ndoo ya maji matupu baada ya muda. Chini yake utaona mchanga. Mchanga ule ungalikuwa juu ya rangi yako. Hiyo ndiyo faida ya ndoo mbili.

Nne, sponji ikianguka chini, usiirudishe kwenye gari mpaka umeisuuza vizuri sana. Magurudumu yaoshe mwisho, kwa kitambaa kingine.

Tano, suuza kwa maji mengi kabla sabuni haijakauka.

Sita, kausha kwa kitambaa safi. Usiache maji yakauke yenyewe. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Maji yakienda, chumvi na chokaa hubaki, na kuacha madoa meupe ya duara.

Ukimaliza kuosha, endesha gari polepole na ukanyage breki mara mbili tatu ili zikauke. Breki zenye maji hazikamati vizuri.

Hatua ya pili: kuondoa vilivyoganda

Pitisha kiganja juu ya rangi iliyokauka. Je, ni laini kama kioo? Au unasikia vipele? Vipele hivyo ni uchafu ulioganda ambao sabuni haikuuweza.

Kama ni lami, chukua mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa. Gusa lami na ungoje ilainike. Futa kwa upole. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji, ili mafuta yasibaki. Usivute sigara wala usiweke jiko karibu. Kitambaa chenye mafuta ya taa usikitupe hovyo.

Kama ni utomvu au wadudu waliokauka, weka juu yake kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu. Kiache kwa dakika kumi. Uchafu utalainika wenyewe. Usitumie kisu, wala kucha, wala steli waya ya kusugulia sufuria.

Katika maduka ya mjini huuzwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari. Huo si udongo wa mfinyanzi. Umetengenezwa kiwandani, na ni laini kama ulimbo. Mtu hulowesha rangi kwa maji ya sabuni, kisha hupitisha udongo huo juu yake, nao hunasa vipele. Ukianguka chini, tupa kipande kile, maana umeokota mchanga.

Hatua ya tatu: kung'arisha kwa polishi

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Polishi na nta si kitu kimoja.

Polishi ina chembe ndogo sana za kusugua, kama msasa laini kupita kiasi. Kazi yake ni kuondoa ngozi ya juu iliyokufa, pamoja na mikwaruzo midogo. Nta haiondoi kitu. Nta inafunika. Polishi ni kama kusugua kisigino kwa jiwe. Nta ni kama kupaka mafuta baadaye.

Kwa kuwa polishi inapunguza rangi, usiitumie ovyo. Kumbuka ile karatasi ya daftari. Kama rangi yako inang'aa bado, ruka hatua hii. Kama imefifia, mara moja kwa mwaka yatosha, au pungufu ya hapo.

Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana sana. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe cha mvua kidogo. Sugua kwa duara ndogo, bila kukandamiza sana. Tazama kitambaa. Kikipata rangi ya gari, ujue kwamba gari lako halina lile tabaka angavu juu. Unasugua rangi yenyewe. Si vibaya, lakini uwe mwangalifu zaidi. Kisipopata rangi, unasugua tabaka angavu.

Fanya sehemu ndogo ndogo, kama ukubwa wa ungo. Usipake gari zima kwa mara moja. Maliza ungo mmoja, futa, nenda ungo wa pili. Kwenye pembe na kwenye mikunjo ya bati, pita kwa wepesi. Hapo rangi ni nyembamba zaidi, na watu wengi hufika kwenye praima hapo.

Mkwaruzo ukiwa mrefu, upime kwa ukucha. Ukucha ukinasa ndani yake, mkwaruzo huo ni wa kina. Polishi haitauondoa. Usiendelee kusugua. Huo ni wa fundi rangi.

Hatua ya nne: kupaka nta

Sasa rangi ni safi, lakini iko uchi. Inataka kuvishwa.

Nta nyingi nzuri za magari zina nta ya mti uitwao karnauba. Mti huu ni wa jamii ya mnazi na mvumo. Unaota kaskazini mashariki mwa nchi ya Brazili, mahali penye kiangazi kirefu. Majani yake hujipaka nta ili yasipoteze maji kwenye jua. Wakulima wa huko huyakata majani, huyaanika, halafu huyapiga mpaka unga wa nta udondoke. Unga huo huyeyushwa na kuuzwa dunia nzima. Basi ile nta inayolinda jani na jua la Brazili ndiyo inayolinda boneti na jua letu. Angalia jinsi mkulima wa mbali anavyotufaa!

Wasomaji wetu wa Tabora na Katavi wataniuliza, "Je, nta yetu ya nyuki haifai?" Swali zuri. Nta ya nyuki imo katika nta nyingine za magari, imechanganywa. Lakini peke yake ni laini. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 62 hadi 65 za Selsiasi. Nta ya karnauba huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Bati jeusi likishinda juani huwa la moto hata huwezi kuweka kiganja. Nta ya nyuki peke yake hapo hulegea na kunasa vumbi. Kwa hiyo uza nta yako, ununue kopo la nta ya magari. Tena usijaribu kuyeyusha nta jikoni pamoja na petroli au mafuta ya taa. Moto wake hauzimiki kwa urahisi, na nyumba zimeungua kwa namna hiyo.

Paka nta hivi:

Hakikisha gari ni kavu na limepoa, nawe uko kivulini. Chukua nta kidogo kwenye sponji kavu. Paka nyembamba sana, mpaka rangi ionekane kwa ndani. Nta nene haisaidii. Ni ngumu kufuta, na ni kupoteza fedha.

Ngoja dakika chache mpaka ifanye ukungu mweupe. Jaribu kwa kidole. Ukipitisha kidole na ukungu ukatoka, na chini pakabaki pasafi penye kung'aa, imekuwa tayari. Ikinyooka kama mafuta, ngoja bado. Halafu futa kwa kitambaa laini. Geuza kitambaa mara kwa mara upate upande safi.

Usipake nta kwenye kioo cha mbele. Usipake kwenye plastiki nyeusi isiyong'aa, kwa sababu huacha madoa meupe.

Wenye pikipiki, hapa ndipo penu

Tangi na madigadi ya pikipiki yamepakwa rangi vilevile. Hatua zote nilizozieleza zinafaa. Lakini nakuomba, kijana wangu, shika maneno haya manne: usipake nta kwenye kiti, kwenye matairi, kwenye diski ya breki, wala kwenye sehemu za kukanyagia. Kiti chenye nta huteleza. Ukifunga breki ghafla, abiria wako atasogea mbele na kukusukuma, au ataanguka. Diski yenye nta haikamati. Pikipiki inayong'aa na isiyosimama ni jeneza lililopambwa.

Vilevile usielekeze maji ya nguvu kwenye fani za magurudumu, kwenye bomba la moshi au kwenye nyaya.

Mambo ya kuacha

Yako mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema, lakini yana hasara.

Kufuta gari kwa dizeli au mafuta ya kula ili ling'ae. Hung'aa siku moja. Kesho vumbi lote la barabara limenasa. Unapolifuta vumbi hilo, unachora rangi.

Kufunika gari chafu kwa turubai. Upepo hutikisa turubai, na vumbi husugua. Osha kwanza, kausha, ndipo ufunike.

Kuacha mbolea au chumvi nyuma ya pikapu. Ukishusha mzigo, fagia sakafu na uoshe siku hiyo hiyo. Gunia huvuja hata kama hulioni tundu. Hili ndilo lililokula ile pikapu niliyokueleza.

Kupaka nta juu ya kutu. Nta haiponyi kutu. Ukiona doa dogo la kutu, lipige msasa mpaka uone chuma cheupe. Paka praima, kisha rangi, uache vikauke. Doa la ukubwa wa sarafu ni kazi ya jioni moja. Ukilichelewesha, litakuwa kazi ya fundi wa kuchomelea.

Kalenda ya kazi

Ukiulizwa ni mara ngapi, jibu ni hili. Osha kila wiki, na kila baada ya kubeba mbolea au chumvi. Kinyesi cha ndege ondoa siku hiyo hiyo. Paka nta kila baada ya miezi mitatu. Kwa vile mwaka una miezi 12, hiyo ni mara nne. Polishi, mara moja kwa mwaka au pungufu.

Utajuaje kwamba nta imekwisha? Mwagia maji kidogo kwenye boneti. Kama maji yanajikusanya kuwa matone, kama umande juu ya jani la gimbi, nta ingali ipo. Kama maji yanatandazika na kulowesha, nta imekwenda. Paka tena.

Neno la mwisho

Kile kikundi nilichokueleza hakikuvunjika. Baadaye walinunua gari jingine, dogo kuliko la kwanza. Safari hii waliandika zamu ukutani katika ofisi yao. Kila Jumamosi wanachama wawili huosha gari pamoja na dereva. Majina yao yameandikwa kwa chaki. Mama mmoja mzee, aliyejifunza kusoma juzi juzi, ndiye anayesimamia ubao ule. Nilipopita alinionyesha jina lake mwenyewe akasema, "Mwanangu, Jumamosi hii ni zamu yangu. Safari hii asije mtu akatuhesabia matundu."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi ya gari ni ukuta mwembamba kuliko yote. Uutazame kila siku.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya betri: jinsi ya kusafisha vichwa vyake na kuifanya idumu. Kwaheri mpaka hapo.

Maswali ya kuzungumza pamoja darasani

1. Kwa nini mnunuzi alitazama chini ya milango kabla ya kuwasha injini?
2. Kwa nini tunatumia ndoo mbili wala si moja?
3. Eleza tofauti kati ya polishi na nta.
4. Katika kijiji chenu watu huosha vyombo wapi? Ni umbali gani kutoka kwenye maji ya kunywa? Nendeni mkapime kwa hatua.
5. Kama kikundi chenu kina gari au pikipiki, andikeni zamu ya kuosha kwa mwezi mmoja.